Kumi na Mbili

Kwa miaka isiyopungua 30 kazi yangu ilikuwa kuwafunulia watu kitabu na kuwauliza wanaona nini. Hakikuwa kitabu cha kusoma. Kilikuwa chembamba, chenye kurasa 38, na karibu kila ukurasa ulikuwa na duara lililojaa vidoa vya rangi, vikubwa kwa vidogo, kama mbegu zilizomwagwa ungoni. Katikati ya vidoa hivyo imejificha tarakimu. Mwenye macho timamu huiona mara moja. Mwenye upofu wa rangi huona tarakimu nyingine, au haoni kitu. Kitabu hicho kilitungwa na daktari wa macho wa Kijapani, Shinobu Ishihara, aliyetakiwa na jeshi la nchi yake atafute kipimo cha kuwapimia askari wapya. Alikitoa mwaka 1917, na tangu hapo kimeenea duniani kote. Nakala yetu ilikuwa imefika katika hospitali hiyo ya pwani kabla yangu mimi. Ilitunzwa kabatini, imefungwa kwa kitambaa cheusi, kwa sababu mwanga huzifubaza rangi, na rangi zikifubaa kipimo kimekufa.

Niseme mapema kwamba mimi si daktari. Nilikuwa mpimaji wa macho tu, kijana wa kidato cha nne aliyefundishwa kazi kazini. Lakini watu waliniita daktari, nami, Mungu anisamehe, nilizoea.

Wengi walioletwa kwangu walitaka kufaulu. Walikuwa madereva, mabaharia, watu wa reli, vijana waliotaka kujiunga na kazi zenye taa nyekundu na kijani ndani yake. Aliyejijua ana kasoro alikuja amekariri majibu, naye alinaswa kwa urahisi: unaanzia ukurasa wa katikati, unaruka, unarudi nyuma, na wimbo wake unavurugika. Hao sina la kuwasema leo. Ninaotaka kuwasimulia ni wale wa upande wa pili, wachache, ambao macho yao ni mazima nao wanajitia vipofu wa rangi.

Msomaji atauliza, nani atake kuitwa kipofu? Wapo. Yupo asiyetaka kuhamishiwa kituo cha mbali. Yupo anayetaka kulipwa fidia. Yupo aliyechoka na usukani, lakini anaona haya kusema amechoka. Na yupo kijana ambaye baba yake amemchagulia kazi.

Huyo wa mwisho ndiye niliyemwona kwanza, mwaka 1981, nikiwa bado nafundishwa. Mwalimu wangu alikuwa muuguzi mmoja wa makamo, mama mnene mwenye sauti ndogo, ambaye sote tulimwita Sista. Kijana aliletwa na baba yake, baharia mstaafu aliyetaka mwanawe afuate bahari. Mzee akabaki nje kwenye benchi. Sista akamketisha kijana kando ya dirisha, mgongo kwa jua, akakishika kitabu umbali wa kiasi cha sentimita 75 na kufunua ukurasa wa kwanza.

“Unaona nini, mwanangu?”

“Sioni kitu, Sista.”

Akafunua wa pili. Sioni kitu. Wa tatu. Sioni kitu. Wala hakuumiza macho kutafuta. Alikuwa akijibu kabla ukurasa haujatulia. Sista aliendelea bila kubadili uso mpaka ukurasa wa 18. Hapo kijana akasema tena haoni kitu, na kwa mara ya kwanza Sista akatabasamu.

“Hapo umesema kweli,” alimwambia.

Baadaye alinieleza. Ukurasa wa kwanza una tarakimu 12, nayo imewekwa pale iweze kuonwa na kila mtu. Haitegemei tofauti ya nyekundu na kijani. Hata yule asiyeona rangi yoyote, ambaye dunia yote kwake ni kama picha ya zamani isiyo na rangi, huisoma 12. Imewekwa hapo ili mpimwaji aelewe kazi anayotakiwa kuifanya, na pia iwe mtego. Kurasa za 18 hadi 21 zina hila ya kinyume: mwenye macho mazima haoni tarakimu yoyote pale, ila wengi wenye upofu wa rangi huweza kuona 5, 2, 45 na 73. Kwa hiyo kijana wetu alidanganya mahali ambapo hata kipofu wa rangi angeona, na alipofika mahali ambapo kipofu wa rangi angeona kitu, yeye akajibu kama mtu mwenye macho mazima. Alidhani upofu wa rangi ni kutoona. Kumbe ni kuona vingine.

Sista hakumfedhehesha. Alimwambia, “Mwanangu, mwambie baba kwa mdomo. Usimtume jicho lako.” Kisha akaandika kwenye fomu: macho mazima. Nilipomuuliza kwa nini hakuandika kwamba kijana alisema uongo, alinijibu kwamba fomu haina nafasi hiyo. Sikulielewa jibu hilo mpaka miaka 15 baadaye.

Sista alipostaafu nikakirithi kitabu, nikawa hodari. Nasema hivi bila majivuno, maana uhodari huo ndio ulioniponza. Mwaka 1987 aliletwa mtu mmoja mzima wa kazi za reli, mtaratibu, mwenye kunyoa vizuri. Huyu alikuwa amejifunza. Nilipomwonyesha ukurasa wenye 8 akasema 3. Penye 29 akasema 70. Penye 57 akasema 35. Hayo ndiyo majibu hasa ya mtu mwenye kasoro ya nyekundu na kijani; bila shaka alikuwa na mwenzake mwenye kasoro ya kweli aliyemsomea. Lakini nilianza kumtilia shaka kwa jambo dogo. Kila ukurasa alisita kidogo kabla ya kujibu, na macho yake yalifanya kazi mara mbili: yaliona, kisha yakatafsiri. Kipofu wa rangi wa kweli hasiti penye 3 yake. Anaiona, anaitaja, basi.

Nikampeleka kwenye kurasa za mwisho wa tarakimu, kuanzia 22 hadi 25. Hizo ni 26, 42, 35 na 96, na kazi yake ni kutenganisha aina mbili za kasoro. Jicho lina chembe za kupokea mwanga, na kuna mtu aliyeharibikiwa upande wa nyekundu, na mwingine upande wa kijani. Wa nyekundu, katika 26 huona 6, katika 42 huona 2. Yaani husoma tarakimu ya kulia. Wa kijani husoma ya kushoto: 2, kisha 4. Mtu huwa wa kulia au wa kushoto. Bwana yule katika 26 alisema 6, na katika 42 akasema 4. Hakujua kwamba kuna mikono miwili.

Nilimuuliza pia habari za wajomba zake. Hilo nalo ni swali zuri, na lugha yetu imetusaidia kulitayarisha, maana ina neno mahususi kwa kaka wa mama. Upofu huu wa kuzaliwa hupita upande wa mama. Mwanamke huubeba, mara nyingi bila yeye mwenyewe kuathirika, akampa mwanawe wa kiume. Na kaka za mwanamke huyo, au baba yake, huenda wanao. Mwanamume hamrithishi mwanawe wa kiume, kwa sababu hilo halimo katika anachompa. Nikamuuliza yule bwana nani mwingine kwao ana tatizo hili. Akajibu haraka kwamba amelirithi kwa marehemu baba yake.

Nilicheka. Niliandika ripoti ndefu, nusu yake ikiwa ya kujisifu, na mwajiri akafurahi. Tangu siku hiyo ilipotokea kesi ya mashaka walinitafuta mimi.

Hapa naomba nitoke njiani kidogo. Mara nyingi wageni waliniuliza kwa nini nisionyeshe tu kitambaa chekundu na kuuliza, “Hii rangi gani?” Jibu ni kwamba majina ya rangi ni mashahidi wasioaminika, na katika Kiswahili zaidi. Tuna rangi tatu zenye mizizi yake wenyewe: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Nyingi za nyingine tumeziazima kwa vitu: kijani ni cha majani, manjano ni bizari, kijivu ni majivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda. Kipofu wa rangi aliyekulia kwetu hahitaji kuona kijani ili aseme jani ni la kijani. Lugha imekwisha kumnong’oneza. Nimewahi kumpima mzee wa miaka 60 aliyetaja sawasawa rangi ya kila kitu chumbani mwangu, halafu katika kitabu akaanguka kurasa zote. Mtaalamu mmoja wa Sweden, Frithiof Holmgren, alilitambua hilo mapema. Baada ya treni mbili kugongana huko Lagerlunda mwaka 1875 na watu 9 kufa, alishika wazo kwamba huenda mtu wa reli alikosea taa kwa sababu ya macho yake. Wataalamu wa sasa wana shaka kama ndivyo ilivyokuwa. Lakini kipimo alichokieneza kilikuwa cha busara: aliwapa watu fundo la sufi lenye rangi moja na kuwaambia wachague katika lundo mafundo yanayofanana nalo. Hakuna kutaja jina. Mikono ndiyo iliyosema.

Na bado, hata mikono hujibu inavyotaka mwenyewe. Hilo ndilo tatizo la kazi yangu tangu mwanzo hadi mwisho: hakuna aliyewahi kuingia katika jicho la mwenzake. John Dalton, mwanasayansi wa Uingereza, alisimama Manchester mwaka 1794 akaeleza kwamba yeye na ndugu yake hawaoni rangi kama wenzao. Alidhani maji yaliyomo ndani ya jicho lake yana rangi ya buluu, akaagiza akifa litazamwe. Alikufa mwaka 1844, jicho likapasuliwa, na maji yakakutwa safi. Mabaki ya macho yake yalihifadhiwa, na mwaka 1995 wanasayansi walipoyachunguza vinasaba wakaona kasoro ya upande wa kijani. Dalton alikosea sababu, ila alichosema anakiona kilikuwa kweli. Ushahidi ulichukua miaka 150 na zaidi kupatikana, na muda wote huo watu walikuwa wamemwamini tu. Alikuwa mtu wa heshima.

Mtu niliyeletewa mwaka 1996 hakuwa na heshima ya namna hiyo. Alikuwa dereva wa lori, umri wake kama miaka 45, amekonda, amevaa koti wakati wa joto. Barua aliyokuja nayo kutoka kwa mwajiri ilisema analalamika haoni taa za barabarani vizuri, kwamba amekwisha kuomba mara mbili apewe kazi ya ghalani, na kwamba tafadhali nithibitishe kama anajisingizia. Neno hilo lilikuwamo kwenye barua. Nililisoma kabla sijamtazama usoni.

Nikatafuta kadi yake ya zamani. Mwaka 1990 nilimpima mimi mwenyewe: kurasa zote sawa. Nami nilijua vizuri kwamba upofu wa rangi ni wa kuzaliwa. Mtu haamki asubuhi moja ameupata.

“Unaona nini, mzee?”

Akainamisha kichwa, akakigeuza upande, kama kuku anayetazama punje. “Daktari, hapa sioni.”

Ulikuwa ukurasa wa kwanza.

Nakumbuka raha niliyoipata. Ni aibu kuiandika, lakini ilikuwa raha. Sista alipenda kusema njia ya mwongo ni fupi, na huyu njia yake iliishia mlangoni. Nilimalizia kurasa nyingine kwa kutimiza wajibu. Kwenye chati ya herufi alisoma mistari miwili ya juu tu, nami nikahesabu kwamba ameongeza uongo juu ya uongo. Alijaribu kunieleza. Alisema nyekundu imekuwa kama udongo, kwamba akimtazama mtu anaona mabega lakini uso umefifia. Nilimwambia asubiri nje. Na alipokuwa akitoka nilimtazama kwa makusudi: palikuwa na kiti njiani, akakikwepa vizuri bila kukigusa. Nikaliandika hilo pia. Nikaandika kwamba hata mwenye upofu kamili wa rangi husoma 12, kwamba mtu asiyeona chati hawezi kukwepa viti, na kwa hiyo mpimwaji anajisingizia. Fomu haikuwa na nafasi ya maneno hayo. Niliyaandika pembeni, nikapiga muhuri.

Alifukuzwa kazi kwa udanganyifu, bila kiinua mgongo.

Miezi mitatu baadaye alirudi, hakuletwa na mwajiri bali na binti yake wa shule ya msingi, aliyemshika mkono. Siku hiyo palikuwa na daktari bingwa wa macho aliyekuwa akizungukia mikoa. Yule bingwa hakufungua kitabu. Alimketisha, akamuuliza swali moja ambalo mimi sikuliuliza.

“Mzee, unameza dawa gani?”

Akanyamaza. Binti ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini, kwamba baba anatibiwa kifua kikuu kwa mara ya pili. Katika mfuko wa lile koti mlikuwa na vidonge vyake, na kimojawapo kilikuwa ethambutoli.

Waliosomea zaidi wanalijua jambo hili. Mimi nililisikia siku ile. Ethambutoli ni dawa nzuri, imeokoa wengi, lakini kwa watu wachache hudhuru mshipa wa fahamu unaotoka jichoni kwenda kwenye ubongo, hasa dozi ikiwa kubwa au figo zikiwa dhaifu. Huanza baada ya miezi kadhaa, macho yote mawili, bila maumivu. Mara nyingi rangi ndizo zinazotangulia kuharibika, nyekundu na kijani. Kisha katikati ya picha panafifia, kingo zikabaki. Ndiyo maana alikigeuza kichwa kama kuku: alikuwa akitafuta 12 kwa pembe ya jicho. Ndiyo maana uso wa mtu ulimpotea na mabega yakabaki. Na kiti alikikwepa kwa sababu alikuwa akikiona, chini, pembeni, mahali ambapo ugonjwa haukufika. Ukurasa wa kwanza huonwa na kila kipofu wa rangi, hilo ni kweli hadi leo. Lakini haukuahidi kuonwa na mtu ambaye katikati ya jicho lake pamefifia.

Kila alichoniambia kilikuwa maelezo sahihi ya ugonjwa wake, yaliyopangwa vizuri kuliko vitabu vingi. Jambo moja tu hakulisema, kifua kikuu, kwa sababu miaka ile jirani akisikia una kifua kikuu alikuwa anahesabu na ugonjwa mwingine. Wala hakuulizwa.

Dawa hiyo ilisimamishwa, wakampa nyingine. Ikigunduliwa mapema wengi hupata nafuu. Wapo ambao hawaipati. Miezi ile mitatu, tangu mimi nilipopiga muhuri, aliendelea kuimeza kila siku kwa uaminifu kama alivyoagizwa.

Nilimwandikia mwajiri barua ya kufuta ripoti yangu. Nikaandika ya pili. Ya tatu niliipeleka kwa mkono. Waliniambia jambo lilikwisha kufungwa, na kwamba isitoshe mtu asiyeona hawezi kuendesha lori, kwa hiyo matokeo yangekuwa yale yale. Niliwaeleza kwamba si yale yale: mgonjwa hulipwa, mwongo halipwi. Karani aliichukua barua, akaigonga muhuri wa kupokelewa. Nilikwenda na yule mzee ofisi ya kazi mara mbili. Mwishoni alipata sehemu ndogo ya haki yake, na ilichukua karibu miaka miwili. Nyumba aliyokuwa akijenga ilikwisha kuuzwa.

Sikuacha kazi. Nilikuwa na watoto wanasoma. Ila tangu hapo kila aliyeketi kwenye kiti kile nilimuuliza dawa anazomeza kabla sijafungua kabati, na wagonjwa wa kifua kikuu wa hospitali yetu nikawa nawapima rangi mwanzoni mwa matibabu na kila mwezi, kama inavyotakiwa. Waongo waliendelea kuja. Niliendelea kuwatambua, wengi wao. Siku hizi naambiwa majibu ya kitabu kizima yamo kwenye simu, kwa aina zote mbili, kulia na kushoto, kwa hiyo nadhani kazi imekuwa ngumu.

Yule mzee alikuja tena mara moja, mwaka mmoja baada ya dawa kusimamishwa, sasa bila binti. Alikuja mwenyewe, hakutumwa. Alisema uso wangu anauona, ila kama nyuma ya pazia. Akaomba nimpime kwa kile kitabu. Nilimwambia si lazima. Akasema anataka.

Nikamketisha kando ya dirisha, nikafunua ukurasa wa kwanza. Akainamisha kichwa, akakigeuza kushoto, akarudi katikati. Ishihara alishauri jibu litoke ndani ya sekunde 3. Nilimwacha. Nje muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe, akaishia mbali.

“Moja,” alisema. Kisha, baada ya kitambo, “Na mbili. Kumi na mbili.”

Nilifunua ukurasa wa pili. Akautazama sana, akatikisa kichwa. Wa tatu hivyo hivyo. Tukaendelea hadi mwisho, naye hakupata mwingine hata mmoja. Kwenye fomu niliandika ukurasa wa 1: ameona. Ukurasa wa 2: hakuona. Ukurasa wa 3: hakuona. Nikaandika hivyo zote, mmoja mmoja, na pembeni sikuandika neno.